Kupima Kabla ya Kufungua: Injini ya Pikipiki kama Somo

Makala haya yana hoja moja. Twasema kwamba kazi ya mikono haiwi somo kwa sababu tu mwanafunzi ameshika chombo, wala kwa sababu mikono yake imechafuka. Huwa somo pale mwanafunzi anapopewa nafasi ya kupima, ya kuamua kwa kukitegemea kipimo chake, na hatimaye ya kuona kama uamuzi wake ulikuwa sahihi. Hoja hiyo twaitetea kwa mfano wa kazi ambayo karibu kila mtoto wa kijijini siku hizi ameiona kwa macho yake, nayo ni kufungua na kutengeneza sehemu ya juu ya injini ya pikipiki kuukuu, nyumbani, uani, chini ya mti.

Mfano wetu twautoa Mwamapalala, kata ya Wilaya ya Itilima katika Mkoa wa Simiyu. Kabla ya mwaka 2012, mkoa huo ulipoanzishwa, sehemu hizo zilikuwa chini ya Wilaya ya Bariadi, Mkoa wa Shinyanga. Ni nchi ya pamba, ya ng'ombe, na ya mbuga zenye udongo mweusi. Masika udongo huo hunata, na kiangazi hupasuka na kutoa vumbi jingi. Pikipiki ndiyo imekuwa mkono na mguu wa watu. Humpeleka mgonjwa zahanati, hubeba magunia na madumu ya maji, humfikisha mwalimu kazini, na huwapa vijana riziki. Vumbi lile lile likipenya chujio la hewa huingia ndani ya injini, likachanganyika na oili, likasaga chuma kama msasa. Kwa hiyo injini ya huko huchoka mapema, na mwenyewe hulazimika kuifungua, aghalabu katika msimu wa kuuza pamba, fedha zinapopatikana.

Tulipokuwa tukikagua mazoezi ya kufundisha katika kata hiyo tuliona mambo mawili yaliyotufanya tuandike makala haya. Darasani, wanafunzi walikuwa wakikariri kanuni ya mzingo wa duara bila ya kupima duara lolote. Nje, si mbali na dirisha la darasa lile, pikipiki ilikuwa imefunguliwa, na vijana waliizunguka wakibishana kama tatizo ni ringi au ni vali. Ubishi ule ungeweza kumalizwa kwa kanuni ile ile iliyokuwa ikikaririwa ndani. Hapakuwa na mtu wa kuyaunganisha mambo hayo mawili.

KAZI NA SOMO

Wasomaji wetu wanafahamu kwamba fikra ya kuunganisha shule na kazi si ngeni nchini Tanzania. Mwezi Machi 1967 Mwalimu Julius Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, na mwezi Novemba 1974 Azimio la Musoma likaitilia mkazo fikra hiyo. Katika siku za karibuni, Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, imerudisha jambo hilo mbele ya walimu kwa sura mpya. Tangu Januari 2024 mkondo wa amali ulianza kufundishwa Kidato cha Kwanza katika baadhi ya shule za sekondari.

Yatupasa kukumbuka jinsi jambo jema lilivyoweza kupotoka. Andiko la mwaka 1967 lilieleza wazi kwamba wanafunzi washiriki katika kuipanga kazi yao na katika kuamua. Lakini katika shule nyingi yaliyobaki ya fikra ile yalikuwa jembe na mstari wa kulima. Mwanafunzi alipewa hatua zake za kulima, akalima, akarudi darasani. Hakuulizwa kwa nini mbegu ipandwe kwa nafasi ile, wala hakuyaona mahesabu ya mavuno. Pengine shamba lenyewe lilikuwa la mwalimu. Wazazi wengi wenye umri wa makamo wanaikumbuka hali hiyo, na ndiyo sababu wanaposikia tena neno "kazi" shuleni hukunja uso. Hawachukii kazi, kwani wao wenyewe huamka alfajiri kwenda shambani. Wanachokichukia ni mtoto wao kutumikishwa kwa jina la elimu.

Basi tukiipeleka pikipiki shuleni bila ya kufikiri, tutalirudia kosa lile lile kwa chombo kipya. Mwanafunzi atakayeambiwa "fungua nati hii, osha pistoni hii, rudisha" atakuwa amefanya kibarua. Tofauti ya kibarua na somo imo katika maswali, na maswali hayo hayana budi kuulizwa kabla spana haijashikwa.

INJINI YENYEWE

Tunaposema sehemu ya juu ya injini tuna maana ya silinda, pistoni na ringi zake, kichwa cha silinda ambacho mafundi hukiita silinda hedi, na vali mbili zilizomo humo, moja ya kuingiza hewa na petroli na nyingine ya kutoa moshi. Sehemu ya chini, yenye mtaimbo wa injini na giya, hatuigusi. Kugawa hivi kuna faida kwa mwalimu. Sehemu ya juu yaweza kufunguliwa kwa vyombo vichache, na kila kipande chake kina kazi ambayo mtoto aweza kuieleza baada ya kukitazama.

Tuchukue injini ya Honda CG125, iliyotoka kiwandani kwa mara ya kwanza miaka ya 1970 na kusifiwa kwa kustahimili matunzo haba. Vali zake husukumwa na vijiti kutoka chini badala ya kuendeshwa kwa cheni, na muundo huo umeigwa na pikipiki nyingi za Kichina zilizoenea katika Afrika Mashariki. Kwa hiyo anayeielewa moja amezielewa nyingi. Kipenyo cha silinda yake ni milimita 56.5, na mwendo wa pistoni kutoka chini hadi juu ni milimita 49.5. Mwanafunzi akitafuta eneo la duara lenye kipenyo hicho, kisha akalizidisha kwa mwendo wa pistoni, atapata takriban sentimita 124 za ujazo. Hapo ndipo atakapofahamu kwamba "125" iliyoandikwa ubavuni mwa pikipiki si jina tu. Ni jibu la hesabu ambalo kiwanda kimelikamilisha juu kidogo, na sasa yeye mwenyewe ameweza kulikagua.

SWALI KABLA YA SPANA

Mwenye pikipiki huja na malalamiko: haina nguvu, haipandi mlima, inakula oili, inatoa moshi. Fundi mwenye haraka hufungua. Fundi mwenye busara huuliza kwanza, na mwalimu hana budi kumwiga huyu wa pili.

Swali la kwanza ni kama kosa limo ndani ya injini kweli. Chujio la hewa lililoziba, kabureta chafu, klachi inayoteleza, au vali zilizobanwa mno, kila kimoja chaweza kuiondolea pikipiki nguvu bila ya ringi kuwa na dosari yoyote. Nafasi ya vali ni ndogo sana. Katika injini tuliyoitaja ni kama milimita 0.08, injini ikiwa baridi, na pistoni ikiwa juu mwishoni mwa mwendo wa kukandamiza. Familia iliyonunua pistoni mpya ilhali kosa lilikuwa chujio imepoteza fedha ambazo zingelisha nyumba kwa siku kadhaa. Hilo ndilo jambo zito katika somo hili, na wanafunzi wanalifahamu kuliko sisi, kwa maana fedha hizo hutoka majumbani mwao.

Swali la pili ni moshi. Moshi mweusi huonyesha petroli nyingi kupita kiasi. Moshi wa kibuluu huonyesha oili inayoungua. Moshi wa kibuluu ukitoka injini inapovuta mzigo, shaka huelekea kwenye ringi na silinda. Ukitoka pale dereva anapoachia mafuta akiteremka kisha akayavuta tena, shaka huelekea kwenye njia za vali. Hizi ni dalili tu, hazijawa ushahidi, na wanafunzi waandike neno "dalili" katika daftari zao.

Swali la tatu ndilo lenye ushahidi. Swichi huzimwa, petroli hufungwa, plagi hutolewa, na kipimo cha kompresheni hushikizwa mahali pake. Aksileta hufunguliwa yote, kisha kiki hupigwa mara kadhaa mpaka mshale usipande tena. Namba huandikwa, na jambo hilo hurudiwa mara tatu. Kisha kijiko kimoja cha chai cha oili ya injini humiminwa ndani kupitia tundu la plagi, na kipimo hurudiwa. Oili huziba kwa muda nafasi iliyopo kati ya ringi na silinda. Basi mkandamizo ukipanda sana, ulikuwa ukivuja penye ringi. Usipopanda, unavujia kwingine, ama kwenye vali ama kwenye gasketi.

Hapa twamsihi mwalimu asimame. Kila kikundi kiandike utabiri wake, yaani kosa ni nini, litaonekana wapi, na kwa nini kinasema hivyo. Utabiri huo utiwe sahihi na wanakikundi na uwekwe mezani. Toka hapo kufungua injini kutakuwa ni kutafuta jibu. Mwanafunzi aliyeandika "ringi" ataitazama silinda kwa jicho tofauti kabisa na la yule aliyeambiwa tu aitoe.

RINGI KUUKUU NA MZINGO WA DUARA

Tuseme kipimo kimeelekeza kwenye ringi. Injini iliyopoa husafishwa nje kwanza ili vumbi lisidondokee ndani. Nati za kichwa cha silinda hulegezwa kidogo kidogo na kwa mshazari, ili kichwa kisipinde. Silinda inapoinuliwa, mdomo wa injini hufunikwa kwa kitambaa safi, kwa sababu kibanio kidogo cha pini ya pistoni kikitumbukia chini, kazi ya saa moja itakuwa ya siku mbili.

Sasa linakuja swali la gharama. Je, zibadilishwe ringi peke yake, au silinda ichongwe na pistoni kubwa zaidi inunuliwe? Ringi peke yake ni nafuu. Kuchonga silinda kunahitaji mashine, na mashine iko mjini. Pistoni za kubadilishia hutengenezwa zikiwa zimezidi kipenyo cha asili kwa hatua, mathalani milimita 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00. Ringi mpya zikitiwa katika silinda iliyolika kupita kiasi hazitadumu. Silinda iliyo nzima ikichongwa, umri wake umepunguzwa bure. Jibu limo katika kipimo cha kipenyo cha ndani, na chombo maalumu cha kupimia kipenyo hicho ni ghali na hakipatikani kijijini.

Hapo ndipo kanuni ya darasani inapohitajiwa. Ringi ni duara lililokatwa mahali pamoja. Ikitiwa ndani ya silinda hubaki ufa mdogo kati ya ncha zake mbili. Silinda ikipanuka, ringi hutanuka nayo na ufa huongezeka. Kwa kuwa mzingo wa duara ni kipenyo mara 3.14, kila nyongeza ya kipenyo huzidisha ufa kwa mara 3.14 ya nyongeza hiyo. Hivyo tofauti ndogo ya kipenyo, isiyoonekana kwa macho, hujionyesha katika ufa ikiwa imekuzwa zaidi ya mara tatu.

Kazi yenyewe hufanywa hivi. Mwanafunzi aitie ringi chini kabisa ya silinda, mahali ambapo ringi hazifiki injini inapofanya kazi na kwa hiyo hapajalika. Aisukume kwa mgongo wa pistoni ili ikae sawa, kisha apime ufa kwa fila, yaani vile vipande vyembamba vya chuma vyenye unene uliokwisha kuandikwa juu yake. Baadaye aipandishe ringi ile ile hadi karibu na juu, mahali palipolika zaidi, apime tena. Tofauti ya nyufa mbili aigawanye kwa 3.14.

Tuchukue mfano. Chini ufa ni milimita 0.25 na juu ni 0.45. Tofauti ni 0.20, na ikigawanywa kwa 3.14 jibu ni takriban 0.06. Silinda imelika kwa milimita 0.06. Ikiwa kitabu cha injini hiyo kimeweka mpaka wa kulika kuwa 0.10, silinda ingali ndani ya mpaka. Kikundi kingine, chenye silinda nyingine, kinapata 0.25 chini na 0.70 juu. Tofauti ni 0.45, na jibu ni 0.14. Hiyo imepita mpaka, haina budi kuchongwa. Fila moja na kanuni moja zimetoa uamuzi ambao ungegharimu safari ya kwenda mjini.

Mwalimu aulize pia: je, twahitaji ringi mpya kwa kipimo hiki? Wanafunzi wengi watajibu ndiyo. Waachwe wajadiliane. Watagundua kwamba ringi kuukuu yatosha, kwa kuwa tunachokitafuta ni tofauti kati ya mahali pawili, na kulika kwa ringi yenyewe hujumlishwa sawasawa pande zote mbili kisha hujiondoa katika kutoa. Zaidi ya hayo, ufa wa chini ukiwa peke yake, ukilinganishwa na ule wa ringi mpya uliotajwa kitabuni, hueleza jinsi ringi yenyewe ilivyokwisha. Maswali mawili yametenganishwa kwa chombo kimoja. Mwanafunzi aliyefika hapo kwa akili yake amejifunza maana ya kutoa hesabu kuliko atakavyojifunza kwa mazoezi ishirini ya ubaoni.

Mipaka ya njia hii nayo ielezwe. Haionyeshi kama silinda imekuwa yai badala ya duara, wala haipimi kulika kwa pistoni. Pistoni hukaguliwa peke yake, kwa mikwaruzo yake na kwa ulegevu wa ringi katika mifereji yake. Ikiwa silinda itachongwa, pistoni inunuliwe kwanza na vyote viwili vipelekwe pamoja, ili mchongaji aipime pistoni yenyewe na kuacha nafasi inayotakiwa. Mwanafunzi na akokotoe pia kwamba silinda ya milimita 57.0 itakuwa na ujazo wa takriban sentimita 126, ili ajue kwamba kuchonga hakuibadili injini kuwa kubwa kama vijana wengine wanavyodhani.

VALI NA KUREJESHA

Kama kipimo cha oili kilielekeza kwenye vali, somo laendelea kwa njia ile ile. Kichwa cha silinda hugeuzwa, plagi ikiwa mahali pake, na mafuta ya taa humiminwa kwenye kishimo chake cha kuchomea petroli. Yakipenya hadi kwenye njia ya hewa au ya moshi, vali ile haikai sawa. Husagwa kwa dawa ya kusagia na kijiti chenye mpira, kwa kuzungusha huku na huku, hadi pete ya kijivu iliyo sawa ionekane. Dawa yote huoshwa, kwa sababu itakayobaki itakula injini mpya kama vumbi lilivyoila ile ya zamani. Kisha jaribio la mafuta ya taa hurudiwa. Hapa mwanafunzi hahitaji mwalimu kumwambia kama amefaulu. Mafuta ama yanavuja ama hayavuji.

Katika kufunga, ringi tatu hupangwa ili nyufa zao zisikae mstari mmoja, na wanafunzi wa jiometri wajue kwa nini zimetenganishwa kwa digrii 120. Alama ya juu ya pistoni huelekezwa upande uliotajwa kitabuni, vibanio vipya vya pini hutiwa, gasketi mpya huwekwa, nati hukazwa kwa mshazari na kwa hatua, na nafasi ya vali hupimwa upya. Kilomita mia chache za mwanzo pikipiki isitwishwe mzigo mzito, na baada yake oili ibadilishwe.

Wengi huishia pale injini inapowaka, wakapiga makofi. Lakini kuwaka si kipimo. Kompresheni ipimwe tena baada ya ringi kuzoeana na silinda, na namba ya sasa iandikwe kando ya namba ya awali. Kisha utabiri uliowekwa mezani usomwe kwa sauti. Kikundi kilichokosea kieleze ni dalili gani iliyokipotosha. Maelezo hayo yapewe alama sawa na ya kikundi kilichopatia, kwani lengo letu ni fikra zilizo wazi.

MASHAKA YA WENZETU

Wapo watakaosema kwamba haya ni kazi ya vyuo vya ufundi, na kwamba mwalimu wa hisabati si fundi. Twakubali kwamba si fundi, wala hatumtaki ajifanye fundi. Kijijini mafundi wapo. Fundi aalikwe, aheshimiwe, na alipwe ujira wake wa kawaida. Yeye afundishe mkono, na mwalimu aulize maswali. Fundi mzoefu husikia injini kwa sikio akataja kosa, na aghalabu husema kweli. Naye aombwe aandike utabiri wake pamoja na vikundi, bila ya kumfedhehesha mbele ya watoto. Sikio lake na fila yetu vikikubaliana, vyote viwili vimeheshimika. Visipokubaliana, wote tutakuwa na jambo la kuchunguza.

Wapo watakaosema mtihani haumngojei mtu. Tunajibu kwamba mzingo, eneo, ujazo, desimali, wastani wa vipimo vitatu, msuguano, mgandamizo wa gesi na upanukaji wa metali yote yamo katika mafunzo yanayotahiniwa. Hatuongezi somo jipya. Tunalipa somo lililopo mahali pa kusimama.

Wapo watakaosema darasa lina wanafunzi wengi na injini ni moja. Silinda zilizotupwa hupatikana kwa mafundi kama chuma chakavu. Vikundi vya watu sita vyaweza kupokezana silinda moja, kila kimoja kikifiche kipimo chake hadi vyote viandikwe ubaoni. Vipimo vitatofautiana, na tofauti hizo zenyewe ni somo kubwa la makosa ya upimaji. Majukumu yazunguke: mpimaji, mwandishi, msomaji wa kitabu, mshika spana. Tusipoyazungusha, wavulana watashika spana na wasichana watabaki na kalamu, kisha tutasema wasichana hawapendi ufundi.

Wapo watakaotaja hatari, nao wana haki. Petroli iondolewe mbali na moto wowote, injini iwashwe nje na kamwe si chumbani, na mikono isioshwe kwa petroli. Gasketi za injini za zamani zaweza kuwa na asbesto, kwa hiyo zisikwanguliwe zikiwa kavu. Ziloweshwe, na vumbi lake lisivutwe. Oili chafu ikusanywe katika dumu, isimwagwe karibu na kisima.

Shaka la mwisho ndilo tunaloliona kuwa zito kuliko yote: pikipiki hiyo ni ya nani? Msimamo wetu ni huu. Isiwe ya mwalimu, wala ya mkuu wa shule, wala ya afisa yeyote. Somo lianze kwa injini iliyokufa ambayo haina mwenyewe wa kufaidi. Baadaye, ikiwa mzazi atakubali kuleta yake, aketi pamoja na wanafunzi, asikilize vipimo vyao, na yeye ndiye aamue cha kununua. Wanafunzi wasichukue nafasi ya kibarua wala kumnyima fundi riziki yake. Kazi yao ni kupima na kushauri. Mzazi akiona mtoto wake anamwambia kwa heshima, "Baba, silinda imelika kwa 0.06 tu, ringi zatosha," hatauliza tena shule inafundisha nini.

TUNALOPENDEKEZA

Kwa vyuo vya ualimu twapendekeza mambo matatu. Kwanza, kila mwalimu mwanafunzi anayeandaa somo la kazi za mikono aandike katika andalio lake, mahali pa wazi, ni uamuzi gani utakaofanywa na wanafunzi na ni kipimo gani kitakachouongoza. Akikosa la kuandika hapo, alichoandaa ni kibarua, nacho kirudishwe. Pili, wakaguzi wa mazoezi ya kufundisha wadai kuona utabiri wa wanafunzi kabla ya kuona kazi iliyokamilika. Tatu, kila chuo kitafute silinda kuukuu, ringi chache na fila, na kuviweka pamoja na zana za kufundishia hisabati badala ya kuvifungia stoo ya ufundi.

Mkondo wa amali umekwisha kuanza, na si kila shule yenye karakana. Tukingoja karakana ijengwe ndipo tufundishe kupima, watoto wa Mwamapalala na wa kwingine watamaliza shule wakiwa wamekariri mzingo wa duara, kisha watarudi nyumbani na kununua pistoni kwa kubahatisha.